Sura ya Tano: Chupa ya Mbegu Zilizokufa

Kifaa cha kwanza cha sura hii hakiuzwi kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Kipo jikoni katika nyumba nyingi za Magogoni, hapa Kisauni, Mombasa, na kazi yake ya kila siku ni kuiweka chai ya maziwa iliyopikwa alfajiri ibaki moto hadi saa nne. Aliyeibuni chupa hiyo mwaka 1892, James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya utafiti London, hakuwa na haja na chai. Alikuwa na gesi zilizopozwa mpaka zikageuka kimiminika, akitafuta chombo kitakachozuia joto la nje lisizifikie. Akatengeneza chupa ya kuta mbili na kuiondoa hewa iliyo katikati, kwa kuwa pasipo hewa joto hupita kwa shida. Hakuichukulia hataza, na mwaka 1904 kampuni moja ya Kijerumani ikaifanya bidhaa ya sokoni.

Chupa ya aina hiyo haichagui upande. Ikizuia joto la nje lisiingie, huzuia pia la ndani lisitoke, na hapo ndipo mwalimu wa bayolojia anapoihitaji. Kitu chochote kilichomo ndani kikitoa joto, hata kidogo, joto hilo litarundikana mpaka themometa ilione.

Mbegu ya kuanzia ni pojo. Mahindi yanakawia, maharagwe makubwa hutoa harufu upesi, na kunde ni nzuri ila mara nyingi fukusi huzifikia kabla yako. Pojo za soko la Kongowea hupatikana mwaka mzima na zikiwa mpya humea karibu zote. Jihadhari tu na mbegu za duka la kilimo zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Hizo ni za shambani, si za mikono ya watoto. Loweka gramu 100 jioni. Kufikia asubuhi zimefyonza maji na uzito umekaribia gramu 200. Chukua moja uipasue kwa ukucha: ngozi ya kijani inateleza na kutoka nzima, ndani mna nusu mbili za rangi ya maziwa, na ukingoni kati ya hizo nusu kimejikunja kiinitete chenye majani mawili madogo, yamekunjwa tayari, yanayoonekana kwa jicho tupu. Zimwage maji, zifunike kwa kitambaa kibichi, na kwa joto la Kisauni huenda ukaona ncha nyeupe za mizizi kabla ya siku kuisha.

Swali la kwanza darasani huwa lile lile. "Mwalimu, mbegu haina pua wala mapafu. Inapumua na nini?" Darasa hucheka, lakini aliyeuliza ameona jambo. Pua na mapafu ni njia ya kusafirishia hewa tu. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya seli, kwenye vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, na seli ya pojo inavyo kama ilivyo navyo seli ya msuli wako. Huko glukosi hukutana na oksijeni: molekuli moja ya glukosi na sita za oksijeni huingia, zinatoka sita za kaboni dayoksaidi, sita za maji, na nishati. Gramu 180 za glukosi hutoa kilojuli 2,800 hivi, na jumla hiyo haibadiliki, iwe zimechomwa motoni au zimepita ndani ya mbegu. Tofauti ni kwamba moto huitoa yote kwa pamoja, hali seli huimega vipande vipande, ikakamata chini ya nusu yake katika molekuli ya ATP ili ijengee mzizi na shina. Inayobaki ni joto. Ndilo tunalolitafuta ndani ya chupa ya chai.

Kitabu cha kidato cha pili kinalieleza jaribio hili kwa mistari michache. Chupa mbili. Moja ina mbegu zinazochipua, nyingine ina mbegu zilizochemshwa zikapozwa. Kila moja ina themometa iliyopitishwa katika pamba, na pamba ndiyo kizibo. Soma joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Chupa ya kwanza itapanda, ya pili itakaa pale pale, na mwanafunzi ataandika kwamba mbegu zinazoota hutoa joto. Hakuna uongo hapo. Ila maelezo hayo yanaruka mambo mawili, na ninavyoona mimi, kila kitu cha maana katika jaribio hili kimejificha ndani ya mambo hayo mawili.

La kwanza ni pamba. Kwa nini pamba, na chupa imekuja na kifuniko chake kizuri cha kuzungusha? Tufanye hesabu. Kila mililita ya oksijeni inayotumiwa katika upumuaji hutoa joto la takriban juli 20. Gramu 200 za pojo zilizojaa maji zinahitaji juli 700 hivi ili joto lake lipande digrii moja, yaani mililita 35 za oksijeni. Sasa chupa ya lita moja yenye pojo hizo imebakiwa na nafasi ya hewa ya mililita 800 hivi, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa: mililita 170 tu. Ukikaza kifuniko, oksijeni yote ikitumika hadi tone la mwisho, joto halitavuka digrii tano, na kwa kweli halitafika hapo kwa sababu chupa yenyewe hunyonya kiasi, na mbegu huanza kubadili mwendo mapema, zikavunja sukari bila oksijeni na kutoa pombe. Pamba huruhusu hewa mpya ipite huku ikizuia joto. Ndiyo maana pia michoro mingine huonyesha chupa imepinduliwa mdomo chini: kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo humiminika nje yenyewe badala ya kuzifunika mbegu. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii mara moja haulizi tena pamba ni ya nini.

La pili ni ile chupa ya mbegu zilizokufa.

Watu huichukulia kuwa ya kujazia nafasi. Walio hai ndio wenye habari, na wafu wamewekwa ili mchoro ukamilike. Mimi naona kinyume. Bila chupa ya pili, themometa iliyopanda haikuambii lolote. Huenda darasa ndilo lililopata joto, mabati ya juu yakiwa yamepigwa na jua la saa nane. Huenda themometa ni mbovu. Huenda maji yanapofyonzwa na wanga mkavu hutoa joto lenyewe, pasipo uhai wowote, na kwa hakika hutoa kidogo. Huenda ngozi za mbegu zinasuguana. Mwanafunzi mmoja atalisema hilo, na usimcheke, kwa sababu jibu lake ni lile lile: mbegu zilizochemshwa nazo zina ngozi, nazo zina wanga, nazo zimo katika chupa ile ile chini ya bati lile lile. Tofauti inayobaki ni moja.

Tatizo ni kwamba pwani wafu hawatulii. Siku ya kwanza chupa ya pili hukaa kama kitabu kilivyosema. Siku ya pili au ya tatu, hasa wakati wa Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, pale ambapo hata usiku haupoi sana, themometa yake nayo huanza kupanda. Mwalimu mwenye haraka hufuta namba hizo na kuandika zile za kitabu. Ukivuta pamba na kunusa, utajua kilichotokea. Mbegu zilizopikwa ni chakula laini chenye maji, na bakteria na kuvu waliokuwa kwenye pamba, hewani na mikononi mwenu wamekaribishwa. Wanakula, wanaongezeka na wanapumua, kwa oksijeni ile ile na kemia ile ile. Joto la chupa ya pili ni joto la upumuaji pia, ila mwenye kupumua si mbegu.

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, unalijua jambo hili. Swali la kwa nini mbegu huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kutiwa chupani ni la kawaida, na jibu lake hukaririwa kote nchini: kuua bakteria na kuvu ambao wangepumua na kuvuruga matokeo. Wengi wanaoliandika hawajawahi kuiona hiyo chupa iliyovurugika. Ningekuwa na uwezo ningependekeza kila darasa liivuruge kwa makusudi mara moja. Weka chupa nne: pojo hai zilizooshwa kwa dawa, pojo hai zisizooshwa, zilizochemshwa na kuoshwa, zilizochemshwa bila kuoshwa. Vitabu vya zamani vinataja formalini, lakini formalini ni sumu inayohusishwa na saratani na haina kazi katika chumba cha watoto 50. Jiki iliyotiwa maji mengi inatosha, dakika chache, kisha mbegu zisuuzwe vizuri. Ni lazima hai nazo zioshwe vivyo hivyo. Ukiosha wafu peke yao, umeleta tofauti ya pili kati ya chupa na huwezi tena kusema ni ipi iliyofanya kazi. Kisha linganisha chupa ya pili na ya kwanza. Kama ile isiyooshwa ina joto zaidi, umepata sehemu ya joto ambayo kitabu kiliipa pojo na kumbe ni ya wapangaji wake.

Jambo hili la kutenganisha joto la anayepumua na joto lingine limewahi kuwasumbua wakubwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu mjini Paris, wakapima maji yaliyoyeyuka ili wajue mnyama ametoa joto kiasi gani. Ustadi wao ulikuwa katika tabaka la pili la barafu, la nje, ambalo halikupimwa kabisa. Kazi yake ilikuwa kuyeyushwa na joto la chumba ili barafu ya ndani iyeyushwe na simbilisi peke yake. Halafu wakalinganisha na mkaa uliochomwa hadi ukatoa kaboni dayoksaidi ya kiasi kile kile alichotoa simbilisi. Simbilisi aliyeyusha barafu zaidi ya hesabu ilivyotarajia, nao hawakulificha hilo. Walitafuta sababu, mojawapo ikiwa kwamba mnyama mwenyewe alipoa akiwa mle ndani. Hata hivyo walikuwa wameona vya kutosha kusema kwamba kupumua ni kuungua polepole.

Joto ni njia moja. Njia ya pili ni kuikamata gesi inayotoka, na hapa Magogoni ina bahati ya jiografia. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imekatwa humo. Chokaa ya majengo ya Waswahili ilichomwa kutoka humo. Na jirani tu, Bamburi, kampuni ya saruji iliyoanzishwa mwaka 1951 imekuwa ikiuchimba mwamba huo huo kwa miongo mingi. Ukiuchoma, mwamba huachia kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali. Ukitia maji unapata chokaa ya kupaka ukuta. Chukua kijiko cha chokaa hiyo, koroga katika chupa ya maji, acha itulie usiku, kisha mimina juu juu yale maji yaliyo angavu. Hayo ndiyo maji ya chokaa, yakiwa yamebeba gramu moja na nusu hivi ya chokaa kwa kila lita. Yafunike, maana hata kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, ambayo ni sehemu 4 tu katika 10,000, itayaharibu polepole.

Mskoti mwingine, Joseph Black, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1750 kwamba pumzi ya mtu hugeuza maji hayo kuwa meupe. Pumzi yako ina kaboni dayoksaidi asilimia nne hivi, kwa hiyo ukipuliza kwa mrija unayaona yanabadilika papo hapo. Pojo ni za polepole. Zitie kwenye kimfuko cha neti, kining'inize juu ya maji ya chokaa ndani ya mtungi uliofungwa, na saa chache baadaye juu ya maji pametanda utando mweupe, ukiugusa unavunjika vipande vyembamba. Ule ni mwamba. Kaboni iliyokuwa wanga ndani ya pojo jana imeungana na chokaa na kuwa jiwe lile lile linalochimbwa Bamburi, na nadhani hilo linastahili dakika tano za darasa kuliko mchoro wowote.

Maji ya chokaa yana mtego wake. Gesi ikizidi sana, utando na weupe huyeyuka na maji huwa angavu tena, kwa sababu jiwe lile hugeuka chumvi nyingine inayoyeyuka. Darasa likiweka mtungi Ijumaa na kuurudia Jumatatu, linaweza kukuta maji safi na kuandika kwamba mbegu hazikupumua, hali zimepumua kupita kiasi. Kemia hiyo hiyo, ikifanywa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyotoboa mapango katika mwamba wa pwani, hadi yale ya Shimoni upande wa kusini.

Maji ya chokaa, hata hivyo, hayana namba. Yanasema ipo au haipo. Anayetaka kupima lazima apime ujazo, na kifaa chake huitwa respirometa. Chukua neli ya kioo, tia pojo 20, weka juu yake pamba kavu na juu ya hiyo kipande cha pamba kilicholoweshwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Kostiki hula ngozi na macho, kwa hiyo aishike mwalimu peke yake. Ziba kwa mpira wenye kineli chembamba cha kioo, na ndani ya kineli tia tone la wino. Mbegu zinavuta oksijeni, kaboni dayoksaidi zinayoitoa inanyonywa na kostiki kabla haijajaza nafasi, hewa inapungua, tone linatambaa kuelekea kwenye mbegu. Pima kwa rula kila dakika tano. Katika kineli chenye tundu la eneo la milimita moja ya mraba, tone likisafiri milimita 10, mbegu zimetumia milimita 10 za ujazo za oksijeni. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachopima kwa uwazi namna hii.

Wala hakuna kinachodanganya kwa urahisi namna hii. Tuseme neli ina hewa mililita 30. Hewa ikipata joto digrii moja hutanuka kwa sehemu moja katika 303, ikiwa chumba kiko kwenye digrii 30 za Mombasa. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Ndani ya kineli chetu ni sentimita 10 za safari! Digrii moja tu, inayoweza kuletwa na mwanafunzi aliyeishika neli kwa kiganja ili aone vizuri, au na wingu lililoliachia jua dirishani, italisukuma tone kwa mbali kuliko pojo 20 zitakavyolivuta kwa muda mrefu, tena kwa upande wa kinyume. Darasa litaona mbegu zinazotoa oksijeni. Kwa hiyo neli zizamishwe kwenye karai la maji, ziachwe robo saa zizoee, na zisiguswe. Na kando yao iwepo neli nyingine yenye shanga za kioo za ujazo sawa na pojo, pamoja na kostiki yake na tone lake. Shanga hazipumui. Tone lake likisogea, ni joto la karai au mgandamizo wa hewa, na safari yake itolewe katika hesabu ya pojo. Hapa mfu ni bora hata kuliko mbegu iliyochemshwa, maana shanga haiozi.

Mwaka 1998, Kenya na shirika la Kijapani la JICA walipoanzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati, mojawapo ya nguzo zake ilikuwa kubuni vifaa kwa vilivyopo. Ni wazo zuri lililotumiwa vibaya mara nyingi, kwa kudhaniwa kwamba kubuni ni kupata chombo mbadala tu. Chupa ya chai, bomba la sindano badala ya kineli, mtungi wa siagi badala ya bika: hayo ni mepesi. Kinachohitaji akili ni kubuni ulinganisho wa haki, na huo haugharimu kitu.

Ukishapata respirometa inayoaminika, iondoe kostiki uone mambo mapya. Sasa tone litasogea kwa tofauti tu kati ya gesi inayoingia na inayotoka. Punje za mahindi zilizoanza kuota zinakula wanga, na wanga hutoa kaboni dayoksaidi sawa na oksijeni inayotumika. Tone karibu lisisogee. Jaribu simsim au njugu. Hizo zimehifadhi mafuta, na mafuta yana oksijeni kidogo ndani yake, yanahitaji kuongezewa nyingi kutoka hewani. Kwa kila oksijeni kumi inayoingia zinatoka kaboni dayoksaidi saba hivi, hata pungufu pale mbegu inapogeuza mafuta kuwa sukari. Tone litavutwa ndani. Pojo changa, katika saa za mwanzo kabla ngozi haijapasuka, zinaweza kulisukuma tone nje: ngozi inabana oksijeni isiingie, seli zinaanza kuchacha kama hamira ya mahamri, na gesi inayotoka inazidi inayoingia. Mzizi ukitoboa ngozi, mambo hubadilika. Kwa hiyo tone moja la wino, bila kuchana mbegu hata moja, linakuambia mbegu inakula nini na imepata hewa kiasi gani.

Mtoto wa pwani ameshaionja kazi hii ya mafuta kugeuka sukari. Nazi iliyoachwa chini ya mnazi hadi ikachipua, ukiipasua huikuti na maji. Unakuta joya, lile tufe jeupe laini kama sifongo, tamu. Joya ni kiungo cha mche. Linakua kutoka kwenye jicho la nazi, linajaza chumba, na kuila nyama ya nazi kutoka ndani, likiyageuza mafuta yake kuwa sukari ya kulisha chipukizi lililo nje. Utamu ule ni chakula kilicho njiani.

Namba utakazopata Magogoni hazitafanana na za kitabu, na si kosa lako. Vitabu vingi vya kiada huandaliwa Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako chumba cha darasa huweza kuwa na digrii 20. Joto likipanda digrii kumi, upumuaji wa mbegu huongezeka maradufu hivi, kwa sababu vimeng'enya hufanya kazi haraka zaidi. Ukipita digrii 40 na kitu vinaanza kuharibika na mwendo unaanguka. Kwa hiyo "acha kwa saa 24" ya kitabu ni saa 12 za Kisauni. Hata muhula una athari: jaribio la Februari, Kaskazi ikiwa imepamba moto, na lile la Julai wakati wa Kusi, yakitofautiana digrii tano yatatofautiana kwa karibu mara moja na nusu. Wanafunzi wa kidato kimoja wakiweka kumbukumbu na kuwaachia wanaofuata, shule itakuwa na takwimu zake yenyewe.

Nje ya darasa, wanaoujua upumuaji wa mbegu kwa vidole ni wauza nafaka. Anayenunua gunia la mahindi hutia mkono hadi kwenye kiwiko, na akikuta katikati pana vuguvugu hanunui. Nafaka kavu hupumua kidogo sana, karibu na hakuna. Kiini cha tende kilichochimbuliwa Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, kilikaa kwa miaka 2,000 hivi na bado kikaota kilipopandwa mwaka 2005. Maji ndiyo yanayoamsha. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwamba mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, yakizidi, nafaka na kuvu walio juu yake wanaanza kupumua, upumuaji unazaa maji na joto, na maji na joto vinaharakisha upumuaji. Kuvu mmojawapo hutengeneza sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi ya aina hiyo na 125 wakafa. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, inayouzwa sasa kwa wakulima, inatumia hesabu ile ile ya kifuniko cha chupa ya chai: fukusi na dumuzi waliofungiwa ndani wanaimaliza oksijeni wenyewe, kisha wanakufa.

Si kila mbegu huwa na kipindi cha kukauka. Teremka kutoka Mishomoroni hadi kwenye mkono wa bahari wa Tudor, na utaona matunda ya mkoko yananing'inia na vijiti virefu vya kijani. Kile kijiti si tunda. Ni mche ulioota ukiwa bado juu ya mti mama, na utadondoka tayari kusimama kwenye tope. Mbegu ya mkoko haikauki na haisinzii, na ukiikausha umeiua. Majaribio ya sura hii yote yamejengwa juu ya mbegu iliyolala ikaamshwa kwa maji, kwa hiyo kwa mkoko yanahitaji kupangwa upya. Pendekezo langu ni hili: okota vijiti vilivyodondoka vyenyewe, visimamishe kwenye mitungi ya maji ya bahari, na ukivitazama ganda utaona vitundu vidogo vidogo vya kupitishia hewa. Baadhi vipake mafuta ya mgando mwili mzima, vingine nusu ya chini tu, vingine viache. Ning'iniza kikombe cha maji ya chokaa ndani ya kila mtungi, funika, na uweke mtungi mmoja zaidi wenye maji ya bahari matupu, kwa kuwa maji ya Tudor yana viumbe vyake vinavyopumua. Yote yakae gizani, kwa sababu kijiti ni cha kijani na kikipata mwanga kitaanza kuinyonya kaboni dayoksaidi unayoitafuta.